Shilingi tano, deki moja, maninja kibao

Juzi usingizi ulinikataa nikaitafuta American Ninja kwa simu, ile ya 1985, nikaimaliza yote hadi majina ya mwisho, saa nane usiku, mtu mzima na kazi inaningoja asubuhi. Na wacha niseme tu, ni muvi mbaya. Staringi wake, Michael Dudikoff, hakuwa mtu wa karate alipopewa hiyo kazi, na ukiwa makini unaona vile kamera inamfichia aibu kila akirusha teke.

Mara ya kwanza sikuona hayo yote. Niliiona hapa Nakuru, Rhonda, ndani ya kibanda cha mabati, tumebanana kwa fomu kama dagaa, shilingi tano ushalipa mlangoni, na deki moja ya VHS ambayo mwenyewe alikuwa anaizaba kofi ikianza kukula mkanda. Mkanda wenyewe ulikuwa kopi ya kopi ya kopi, sura zimeingia kijani, vita ikichacha ni mistari mistari tu, na utamu ulikuwa hapo hapo, juu kile huoni unamaliziwa na jamaa wa nyuma ambaye ashaiona mara kumi: "Tulieni, huyo mweusi bado hajakasirika!"

Huyo mweusi ni Steve James, na ndiye alikuwa anatutoa nyumbani. Staringi kila mtu alijua hafi, presha ilikuwa kwa rafiki yake, maana kwa hizo muvi rafiki mweusi mara nyingi hafiki mwisho. Huyu alifika, kibanda kikapiga kelele hadi mama wa mandazi akachungulia.

Muvi za sasa za mabilioni zinakumalizia kila kitu, hazikuachii kazi. Si ndio maana hadi leo watu wanataka muvi ikiwa na DJ Afro, yule wa kusimulia muvi kwa Kiswahili, akiongea juu yake?

Baadaye ndio nikajua Cannon, wenye kuzitengeneza, walikuwa wanashuti mahali pesa inatosha. Ya kwanza Ufilipino. Ya pili, 1987, tuliambiwa ni kisiwa cha Karibi kumbe walikuwa Afrika Kusini, na sasa nimekumbuka kuna kijana siku hiyo alisema hiyo miti na hilo jua ni vya huku kwetu Afrika, tukamcheka mpaka akatoka nje na shilingi tano yake imeenda. Siku hizi anatengeneza nduthi Kaptembwo. Kesho napitia huko nimpelekee soda.