Siku Mama Alipochenji Hela Yote ya Kenya

Nyumbani kwetu Rombo akiba haikuwekwa kwa shilingi ya Tanzania. Mama, ambaye kila Jumatano na Jumamosi alipeleka ndizi na maharage katika soko la Taveta, ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, alikuwa na kopo la maziwa ya unga alilolificha nyuma ya magunia ya mahindi, na ndani yake mlikuwa na noti za Kenya tu, zimeviringishwa na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Zilinuka mafuta ya taa kwa sababu kibatari kilikaa karibu. Kila mwisho wa mwezi alizitoa, akazinyoosha moja moja juu ya goti, akazihesabu mara mbili na kuzirudisha.

Hakuwa amejiamulia hivyo kwa kubahatisha. Baba aliwahi kufanya kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na alipenda kutusimulia jinsi mshahara wake ulivyonunua sukari Voi sawasawa na Moshi, kwa kuwa hata baada ya kila nchi kuanzisha benki kuu yake mwaka 1966, shilingi ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda ziliendelea kulingana, shilingi moja kwa shilingi moja. Kisha Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa Februari 1977, na ulipofunguliwa tena Novemba 1983 usawa huo ulikuwa umebaki katika masimulizi ya baba tu. Mama alianza biashara ya Taveta baada ya hapo. Mwaka 1986 aliona dola moja ikitoka shilingi 17 za Tanzania hadi 40, na kabla ya mwaka kwisha ikapita 50. Mwishoni mwa 1992 ilikuwa 335. Shilingi ya Kenya nayo ilikuwa ikishuka, lakini polepole, kwa hiyo kwa mtu aliyesimama Holili, mpakani upande wetu, ilionekana kama inapanda tu. Desemba hiyo ya 1992 shilingi moja ya Kenya ilikuwa sawa na zaidi ya shilingi 9 zetu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na Julai 1993 nilitakiwa kuanza cha tano katika shule ya binafsi. Ada ya muhula wa kwanza pamoja na nauli na sare ilifika shilingi 26,000 hivi. Katika kopo mlikuwa na shilingi 8,400 za Kenya, ambazo kwa hesabu ya Desemba zingetosha ada ya karibu mihula mitatu.

Tulikwenda Jumamosi moja ya Juni. Kwa muda wa wiki kadhaa wanawake wa sokoni walikuwa wakilalamika kwamba hela ya Kenya imeharibika, na mama alikataa kuwasadiki mpaka tulipofika kwenye meza ya kijana aliyekuwa akichenji fedha upande wa Holili. Mbele yake palikuwa na kikokotoo kilichofungwa kwa gundi ya karatasi na daftari lililojaa tarakimu.

"Leo ninanunua kwa tano na senti themanini, mama," alisema bila kuinua kichwa.

"Tano?" Mama alinigeukia mimi, wala si yeye. "Mwezi wa kwanza si ilikuwa tisa?"

Kijana akamweleza kwa upole kwamba si yeye aliyepanga, na hapo alisema kweli. Kenya ilikuwa katika hali ngumu ambayo sisi tuliiona kupitia kopo letu tu: wafadhili walisitisha misaada Novemba 1991, fedha nyingi zikamiminwa katika mzunguko wakati wa uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, kashfa ya Goldenberg ikachota mabilioni kutoka hazina ya umma, na katika miezi ya kwanza ya 1993 shilingi yao ikashushwa thamani zaidi ya mara moja. Iliyokuwa 36 kwa dola mwishoni mwa 1992 ilikuwa imevuka 60.

Mama alitaka kuchenji kiasi cha ada peke yake. Alikwisha kuhesabu noti za shilingi 4,500 na kuziweka kando. Mimi ndiye niliyemwambia achenji zote. Nilikuwa nimefaulu hisabati vizuri, na nilimweleza kwa uhakika wote wa kijana aliyefaulu kwamba kitu kilichotoka tisa hadi tano ndani ya miezi sita kitafika tatu kabla ya Krismasi. Alinitazama kitambo. Kisha akasogeza na zile 3,900 zilizobaki.

Kijana aliziinua noti za mia tano juani, moja baada ya nyingine, akabonyeza kikokotoo na kumgeuzia mama: 48,720. Alimhesabia kwa noti zenye picha ya Rais Mwinyi, na mama akazihesabu upya, midomo ikicheza bila sauti. Mpira wa tyubu haukuzienea tena, kwa sababu bunda lilikuwa nene mno. Akaugawa mzigo ule katika pembe mbili za kanga.

Haikufika tatu. Serikali ya Kenya ilikuwa ikiuza hati fungani za muda mfupi kwa riba iliyopita asilimia 70, fedha zikavutwa kurudi nchini, misaada ikaanza kuingia tena, na mwishoni mwa 1994 dola ilikuwa chini ya shilingi 45 za Kenya huku kwetu ikiwa 523. Miaka mingi nimerudi kwenye majedwali ya viwango vya miaka ile, nami nimeona kosa langu lilikuwa wapi: niliitazama shilingi ya Kenya kana kwamba ndiyo peke yake inayotembea, ilhali kiwango kati ya fedha mbili kina miguu miwili, na ule wetu haukuacha kuteleza hata siku moja.

Nilikuwa likizoni Desemba hiyo mama aliporudi kutoka Taveta akasema kwamba sasa wananunua kwa kumi na moja na nusu. Hakuongeza neno. Usiku nilichukua daftari langu, nikazidisha zile 3,900, nikapata 44,850, mahali pa 22,620 tulizopewa. Nilimpelekea karatasi jikoni. Alikuwa akipuliza moto. Akaisoma kwa mwanga wake, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kopo la maziwa pamoja na noti mbili za mia za Kenya alizopata sokoni siku ile.