Nilivyomsimamia mtia nia asiyetoa bahasha, kura za maoni 2020

Kila harufu ya uchaguzi ikianza napigiwa simu na vijana wananiuliza swali lile lile, eti kaka nyie mlifanyaje mpaka mkaingia tatu bora kwenye kura za maoni za CCM, zile za kumpata mgombea ubunge, bila kumwaga hela. Nimechoka kujibu mmoja mmoja na salio linaisha, so naandika yote hapa, mwenye kusoma asome.

Jimbo sitalitaja, ni huku Kusini kwenye korosho, watu wa huku mtajua wenyewe. Mtia nia wetu, yani mwanachama anayeomba chama kimpitishe agombee, nitamuita Mwalimu maana ndo jina tulilokuwa tunamuita, alifundisha sekondari miaka mingi, yuko UWT (jumuiya ya wanawake ya CCM) toka zamani, sio tajiri, na ana msimamo ambao siku zingine unakera. Mimi nilikuwa mtu wake wa karibu, mpambe kama mnavyosema, ila kazi yangu kubwa ilikuwa kuhesabu watu na kumwambia ukweli asioutaka.

Kwanza uelewe mfumo maana wengi wanakosea hapa. Kura za maoni za CCM za 2010 na 2015 walipiga wanachama wote, yani ni kama uchaguzi kamili. 2020 ikawa ni wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Maana yake jimbo zima na vijiji vyake vyote, anayeamua jina lipi liongoze ni watu mia kadhaa wanaotosha kwenye ukumbi mmoja. Halafu angalia tarehe, Bunge limevunjwa 16 Juni, fomu zimetoka 14 Julai zikafungwa 17 Julai, na 20 na 21 Julai nchi nzima watu wakapiga kura. Na kampeni kabla ya muda marufuku, ukikamatwa unapita pita kwa wajumbe jina lako liko hatarini, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, nao walikuwa macho kweli kweli mwaka ule. Fomu ilikuwa laki moja tu, ndo maana nchi nzima walijitokeza zaidi ya elfu nane, jimbo la Kawe Dar es Salaam peke yake walizidi mia. Kila mwenye suti alijiona mbunge.

Sasa kampeni utafanya lini hapo? Jibu ni kwamba ukisubiri fomu umeshachelewa. Wajumbe hawashuki kutoka mbinguni mwezi Julai, wengi wao walipatikana kwenye uchaguzi wa ndani wa chama wa 2017, kwa hiyo mtu mwenye akili alikuwa na miaka karibu mitatu ya kujua nani atashika ile karatasi. Mimi nilinunua kaunta buku nikaanza kuandika. Jina, tawi, anaishi wapi, anamsikiliza nani (hii ni muhimu kuliko zote, kuna mjumbe hana neno mpaka aongee na shemeji yake), na amegombana na nani kwa sababu gani. Sikuweka sehemu ya kuandika "atatupa kura" maana huo ni uongo wa kujidanganya mwenyewe. Niliweka alama moja tu, tiki, kwa yule ambaye amewahi kukaa na Mwalimu kwenye jambo la maana, sio kusalimiana msibani, jambo.

Na jambo lenyewe lilikuwa hili. 2018 sheria ilirekebishwa, halmashauri zote zinatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi inapendeza sana. Kijijini kinachotokea ni kwamba kina mama wanaunda kikundi, wanaambiwa leteni katiba, katiba hawajui inaandikwaje, wanamlipa mtu wa steshenari aandike, anaandika utumbo, fomu inarudishwa, wanakata tamaa. Mwalimu akawa anakaa nao. Jumamosi chini ya mwembe na kalamu yake nyekundu anasahihisha katiba za vikundi kama anavyosahihisha insha, anamwambia mama mtu mzima "hii ibara ya nne umeirudia kwenye ya saba, futa". Hakulipwa, na hakutoa hela, na wala hakuomba kura maana kipindi kile ubunge wenyewe hakuwa amesema anautaka. Ila kwenye vikundi vile asilimia kubwa ya viongozi ndo hao hao wajumbe wa matawi na kata. Mtu anayeongoza kikoba ndiye anayeongoza shina, huku kwetu ndivyo ilivyo.

Hiyo ndo kampeni yetu, mengine yalikuwa mbwembwe.

Tatizo likaja kwenye bahasha, yani hela ya kumpa mjumbe ili akupe kura. Wazee mnakumbuka takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, sheria ya uchaguzi iliwahi kuiruhusu kuanzia 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006, halafu 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ambayo inagusa mpaka hatua ya kura za maoni ndani ya vyama. Kisheria ilishakufa na kuzikwa, vichwani mwa watu iko hai inapumua. Julai huku ni wakati wa kupulizia mikorosho salfa, hela hakuna, msimu wa kuuza bado miezi, na watu walikuwa hawajasahau vurugu za ununuzi wa korosho msimu wa 2018, so bahasha ya elfu ishirini kipindi hicho ina uzito wake. Mzee mmoja mjumbe, ninamheshimu sana, aliniita pembeni tukiwa msikitini.

"Mwanangu, huyu mwalimu wenu mtu mzuri. Ila mbona mkavu?"

"Mkavu vipi babu?"

"Mkavu tu. Wenzake wameshapita na wewe unajua wamepita. Yeye hata sukari?"

Nilipompelekea Mwalimu habari hii nilikuwa nimeshajipanga kumshawishi, nikamwambia basi tuite nauli, tusiite hongo, mjumbe anatoka mbali jamani. Alikuwa anachambua mchele, hakuniangalia hata usoni, akasema "Mwambie babu nikimpa elfu ishirini leo, mfuko wa jimbo hataniuliza miaka mitano." Nikanyamaza. Maana hoja yake kubwa ilikuwa ndo hiyo, mfuko wa jimbo. Kwa wasiojua, toka 2009 kuna sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, hela inatoka serikali kuu inakuja jimboni na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Muulize mwananchi wa kawaida mwaka jana ilikuja shilingi ngapi na ilijenga nini, hana habari. Mwalimu alitaka kila senti iandikwe ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, kila kata, na majina ya vikundi vilivyopata ile asilimia kumi yasomwe kwenye mkutano wa kijiji. Hivyo tu. Mageuzi yake yote yalikuwa yanaenea kwenye karatasi moja, na mimi nakwambia hiyo ndo ilitusaidia.

Kwa sababu ukumbini unapewa dakika chache, kwetu zilikuwa tatu. Dakika tatu kwa mwalimu aliyezoea vipindi vya dakika arobaini ni adhabu. Tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba, mimi nashika simu nahesabu, mara ya kwanza dakika tatu zimeisha bado anawashukuru viongozi wa meza kuu. Tukakata itifaki. Halafu alikuwa na kipande kirefu cha ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, ile asilimia 65 iliyokuwa inarudi kwenye zao mpaka ikaondolewa kwenye bajeti ya 2018, ni kipande kizuri na ana uchungu nacho, nikamwambia toa. Akakataa, tukabishana karibu usiku kucha. Hoja yangu ilikuwa wajumbe wa huku wanaijua hiyo habari kuliko yeye, ukiianza tu watu wataguna, wataanza kuongea wao kwa wao, msimamizi atapiga meza muda umekwisha na wewe hujasema unataka nini. Alikata mwenyewe asubuhi bila kuniambia.

Siku ya mkutano getini ndoo za kunawa, si mnakumbuka mwaka wa corona ule, watia nia tumepangwa viti vya mbele kama wanafunzi wa mahafali (nasema tumepangwa, mimi nilikuwa dirishani). Usiku wa kuamkia siku hiyo kuna gesti moja mjini ilikuwa na pilau mpaka saa saba, ya nani sisemi, ila asubuhi unawaona wajumbe wengine macho mekundu wananuka iliki. Wakaanza kujieleza. Mmoja alitaja digrii zake zote na vyuo na miaka akaishia hapo, muda ukaisha. Mwingine akaanza kwa wimbo wa chama, ukumbi ukaitikia, ukanoga, beti ya pili ikanoga zaidi, msimamizi akamwambia ahsante ndugu kaa. Mwingine alipiga magoti kabisa.

Mwalimu alisimama akasema jina lake na kata yake, halafu akasema, namnukuu kwa kumbukumbu yangu, "Sitaki mtu anyooshe mkono. Humu ndani kuna watu vikundi vyao viliandika maombi ya mkopo wa asilimia kumi na hamjajibiwa mpaka leo hamjui nani alipata. Mnajijua. Nikiwa mbunge majina yatasomwa kwenye mkutano wa kijiji chako, na hela za mfuko wa jimbo zitabandikwa ubaoni kwenye kata yako, na mimi nikizila mtaziona zimepungua." Watu wakacheka hapo kwenye nikizila. Akaomba kura, akakaa, muda ulikuwa bado. Yani alirudisha sekunde. Sijawahi kuona mwanasiasa anarudisha sekunde.

Kura zilihesabiwa hadharani, hili lazima nilisifie, lilikuwa jambo zuri sana mwaka ule, karatasi inainuliwa jina linasomwa kila mtu anasikia. Mimi nachora vijiti nyuma ya kaunta buku. Mwanzoni jina letu halikusikika kabisa nikahisi tumbo, halafu likaanza, likapotea, likaja mfululizo, mpaka jasho. Kuna jamaa alikuwa na ndugu zake wa damu ukumbini, wajumbe halali, walikula naye chai asubuhi, akapata sifuri. Sifuri kavu. Wiki ile nchi nzima ilikuwa inaimba "wajumbe sio watu" na mimi niliuona ukweli wake kwa macho, kuna mjumbe najua alipokea kwa watatu na ninaamini kura alimpa wa nne. Hapo ndo nikaelewa kwamba bahasha yenyewe hainunui kitu, inanunua tu usingizi wa mgombea. Makonda mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, na jina lake lote jimbo la Kigamboni alipata kura 122, Ndugulile aliyekuwa mbunge wa huko 190.

Tukashika nafasi ya tatu. Aliyeongoza alituacha mbali, wa pili alituzidi kidogo tu. Nyuma yetu kulikuwa na wakurugenzi, mawakili, mfanyabiashara mmoja mwenye malori, watu waliokuja na msafara. Mzee wangu wa msikitini alitoka nje akanishika bega akasema "nimempa yule mkavu". Kweli au uongo Mungu anajua, maana mpaka leo waliokuja kuniambia walitupigia kura ni wengi kuliko kura zenyewe tulizopata.

Baada ya hapo ni vikao. Majina yanapita kamati za siasa za wilaya na mkoa mpaka Dodoma, na wa kwanza sio lazima arudi, Kawe yule Askofu Gwajima alikuwa wa tatu na ndiye aliyeteuliwa. Kwa hiyo na sisi tulikaa tunasubiri simu kama wagonjwa wanaosubiri majibu. Agosti majina yakatoka, letu halikuwemo. Mwalimu alivaa kijani akaenda kumnadi aliyeteuliwa, na jioni akarudi kwenye katiba za vikundi, na kata moja mtendaji alianza kubandika orodha ya waliopata mkopo kwa sababu kina mama walimganda kila Jumatatu wanaiulizia. Kata moja tu lakini.

Sasa nyie mnaoniuliza mjue sheria za mchezo zimebadilika. 2025 fomu ilikuwa laki tano, mchujo ukaanza juu, Kamati Kuu ikarudisha majina machache kwanza ndipo wajumbe wakapiga kura 4 Agosti, na wajumbe wenyewe wakawa maelfu kwa jimbo, watia nia mnazungushwa pamoja kujitambulisha. Kaunta buku moja haitoshi tena. Unahitaji mtu wako kila tawi, na mtu wa kila tawi anataka vocha na mafuta ya boda, na hapo ndo mimi na Mwalimu tumerudi kwenye ugomvi ule ule tukijadili uchaguzi wa 2030: mafuta ya mpambe ni gharama halali au ni bahasha imevaa kofia? Yeye anasema zote ziandikwe na zibandikwe mlangoni kwake kila Ijumaa. Nimemuuliza nani ataenda kubandika vocha ya elfu mbili. Kasema mimi.