Dume ndiye wa kumfuata: nilivyopata viota vya falaropi Alaska

Kiangazi kimoja nilipata kibarua cha kutafuta viota vya ndege wa pwani Utqiaġvik, mji wa Wainupiat, wenyeji wa asili wa huko, kaskazini kabisa mwa Alaska (hadi 2016 ukiitwa Barrow). Mimi ni mtu wa Kilifi. Ndege wa jamii hii nimewazoea wakiwa ugenini kwetu, wa kijivujivu, wakidonoa matope Mida Creek. Hao wa Mida wengi huzaliana Siberia, lakini mambo yao hayatofautiani sana na ya hawa. Kiota sikuwahi kukiona.

Na si rahisi kukiona. Ni kishimo kidogo nyasini, mara nyingi kina mayai manne yenye mabaka, ncha zikielekea katikati. Tulianza kwa kuvuta kamba: watu wawili mnaiburuta juu ya nyasi, ndege anaruka, mnakodolea macho pale alipotokea. Inasaidia, ila inachosha, na bado mtu mmoja lazima awe macho kwa ajili ya dubu.

Kwa falaropi mwekundu, mmoja wa ndege hao wa pwani, nikaona bora kukaa chini. Kwa ndege huyu jike ndiye mwenye urembo wote: mwili mwekundu kama tofali, shavu jeupe pe. Akishataga, mayai anamwachia dume na mara nyingine anakwenda kutafuta dume mwingine. Jike basi utamtazama upendavyo, kiotani hakufikishi. Nilimtafuta dume, yule aliyepauka, anayekula peke yake dimbwini kwa pupa. Anaatamia bila msaidizi, na kwenye baridi ile mayai hayawezi kuachwa muda mrefu. Lazima arudi, tena upesi.

Basi nakaa mbali, darubini magotini, koti limefungwa mpaka kidevuni. Dume anaruka chini chini, anatua, anatembea kidogo, anadonoa kitu ambacho sidhani hata kipo, anageuka huku na huku. Halafu anazama nyasini. Hapo usiinuke! Mara nyingi hutokea tena upande wa pili. Asipotokea, nachagua alama mbili zilizonyooka naye, kishungi cha nyasi na jiwe, kisha nakwenda moja kwa moja bila kupepesa macho.

Kiotani hatukukawia. Tunatia yai moja majini kujua limeatamiwa muda gani: bichi hulala chini, lililoatamiwa siku kadhaa husimama, lililokaribia kuanguliwa huelea. Tunaandika, tunachomeka kijiti mbali kidogo, tunaondoka, maana mbweha na skua, ndege mwizi wa mayai, nao wana macho. Jua halizami kuanzia katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo hata saa saba usiku tulikuwa kazini.

Jamaa wadogo wa falaropi wana hila nyingine. Ukimwona ndege ameinama, mabawa yakiburuta, anakimbia huku akilia kama panya, simama hapo hapo na utazame miguuni kabla ya kuinua buti. Anakuvuta umfuate kwa sababu mayai yako karibu nawe mno.