Magadi ya Jikoni na Safari ya Ziwa Natron

Nyumbani kwetu Temeke magadi hayakosekani jikoni. Mama huweka punje moja kwenye sufuria ya maharage ili yawahi kulainika, na nyingine kwenye mlenda, nami nimekua nikiyaona yakiuzwa kwa mafungu sokoni bila kujiuliza hata mara moja yanatoka wapi. Kwa hiyo rafiki yangu, mwalimu wa kemia niliyesoma naye sekondari, aliponionyesha kwenye simu picha za ndege wanaodaiwa kugeuzwa mawe na Ziwa Natron, kilichonishangaza zaidi si wale ndege bali maelezo yake kwamba ziwa lile ni magadi matupu. "Shoga, likizo ya Juni tunakwenda," alisema, na kweli tulikwenda.

Barabara ya Chalinze, Korogwe na Same sitaieleza, kwa kuwa kila aliyewahi kwenda Moshi kula Krismasi anaijua. Tulilala Arusha, na asubuhi tukapita Makuyuni hadi Mto wa Mbu, ambako tulikata kuelekea kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo ndipo nchi ilipoanza kukauka. Miti ilipungua, vumbi likawa jepesi kama unga wa muhogo, na kokoto za volkano zikatutoboa tairi mbele kidogo ya Engaruka, tukalibadilisha juani huku vijana wawili wa Kimaasai wakitusaidia kuinua gari na kutucheka kwa adabu.

Wakati wote huo tulikuwa tukiutazama Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai wameuita Mlima wa Mungu, nao una kimo kinachokaribia mita 3,000. Rafiki yangu alisahau tairi na kuanza kufundisha. Hii, alisema, ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava yenye wingi wa kaboneti za sodiamu, yaani magadi yenyewe. Lava hiyo hutoka nyeusi, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe, na mvua huyayeyusha majivu yake na kuyateremsha bondeni. Maji yanayoingia ziwani, yakiwemo ya mto Ewaso Ng'iro unaotokea Kenya na ya chemchemi za moto zilizo pembezoni, hayana njia ya kutokea isipokuwa kwenda juu kwa mvuke. Jua hunywa maji na kuacha magadi, na mchezo huo umeendelea kwa maelfu ya miaka.

Tulilala kijiji cha Engare Sero, na alfajiri tukatembea kwenda ziwani pamoja na mwongoza wageni wa hapo kijijini. Niseme ukweli: kutoka ufukweni ziwa si jekundu kama picha zinavyoonyesha. Wekundu huo, unaotokana na vijidudu vinavyopenda chumvi, huonekana vizuri zaidi kutoka angani. Sisi tulichokiona ni utando mweupe uliopasuka vipande vipande, na mbele yake maji ya kijivu yenye kina kifupi. Rafiki yangu alichovya karatasi ya litmasi aliyoibeba kutoka shuleni, ikawa ya buluu papo hapo, ishara kwamba maji ni ya alkali, kinyume cha asidi. Mimi nilichovya vidole viwili, vikateleza kana kwamba nimevipaka sabuni. Alinieleza kwamba kwa kiasi fulani ni sabuni kweli, kwa maana magadi hushika mafuta ya ngozi na kuyageuza, na kwamba kwa nguvu hiyohiyo hulegeza maharage ya mama. Bahari yetu ya Dar ina chumvi ya kawaida na pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni kama 8. Hapa pH inaweza kupita 10.

Kuhusu ndege wa mawe, ziwa haligeuzi kiumbe kuwa jiwe. Mnyama akifia humo, magadi humkausha na kumhifadhi asioze upesi, na mpigapicha aliyeieneza habari ile aliiokota mizoga iliyokwisha kukauka, kisha akaipanga ikae kama iliyo hai. Waliotujaa machoni asubuhi ile walikuwa heroe, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita flamingo, wakichuja maji kwa midomo iliyopinda ili kupata vijimea vya kijani vya majini ambavyo ndivyo vinavyowapa rangi ya waridi. Natron ndiyo mahali pekee Afrika Mashariki ambapo heroe wa aina ndogo huzaliana mara kwa mara. Hujenga viota vya udongo katikati ya utando wa magadi, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kukanyaga, hivyo ukali uleule ulioandikiwa hadithi za kutisha kwenye simu ndio unaowalinda makinda. Tulikaa pale hadi jua lilipotufukuza, kiasi cha saa nne, na tulizungumza kidogo sana, jambo ambalo kwa rafiki yangu ni nadra.

Niliporudi Temeke viatu vyangu vilikuwa bado na ukoko mweupe kwenye nyayo. Mama alikuwa ameshaziona zile picha, akaniuliza kama kweli ziwa hilo linaua. Kabla sijamjibu aliukwangua ule ukoko kwa ukucha, akaunusa, akasema kwamba magadi haya, yakisafishwa, yangetosha sufuria nzima ya makande.