Kazi Iliyopakiwa Melini

Shangazi yangu alikuwa akichambua korosho katika kiwanda kimoja hapa Mtwara. Hata miaka mingi baada ya kiwanda kufungwa, ukimwekea korosho kwenye sahani huanza kuzitenga, nzima upande huu na vipande upande ule, ndipo ale.

Nimemkumbuka nilipokuwa nikisoma habari za Detroit, mji wa magari wa Marekani, uliokuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950 na kubaki na takriban 640,000 mwaka 2020. Huko viwanda vilipoondoka watu nao walihama, na nyumba nyingi zikageuka magofu. Kwetu msiba huo hauonekani kwa macho, kwa sababu watu wanaongezeka: sensa ya 2012 iliuhesabia Mkoa wa Mtwara watu 1,270,854, na ile ya 2022 ikahesabu 1,634,947. Kilichotoweka ni kazi.

Mambo yaliharibikia shambani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, na kwa mikopo ya Benki ya Dunia vikajengwa viwanda vyenye mitambo ya Kiitaliano na Kijapani. Lakini miaka hiyohiyo wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine mbali na mikorosho yao, mashamba yakaingia pori, bei ikawa haimtoshi mkulima, kisha ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukashambulia maua. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000, na mitambo ikakosa cha kubangua.

Salfa, dawa ya ugonjwa huo, iliirudishia mikorosho uhai, hata msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000. Hata hivyo sehemu kubwa ya korosho huondoka ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam. Hilo ndilo linaloniuma: gunia linapopakiwa melini, kazi ya shangazi hupakiwa pamoja nalo.

Vijana nao huifuata riziki iliko. Jina machinga, wanaloitwa wachuuzi nchi nzima, wengi hulihusisha na Wamachinga wa Lindi waliokwenda kuchuuza Dar es Salaam. Binamu yangu, mtoto wa shangazi huyohuyo, anauza viatu Kariakoo. Kila minada ya korosho inapoanza hupiga simu kuuliza bei, kisha humuuliza mama yake kama kile kiwanda kimefunguliwa.