Mizinga ilikuwa mitupu, ndovu wakapita

Shamba langu liko Sagalla, karibu na Voi, na ndovu wa Tsavo Mashariki hawana habari na mpaka wa mtu. Nikazungushia mahindi ua wa nyuki: mizinga inaning'inia kati ya nguzo kila baada ya mita 10, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma, mizinga inayumba na nyuki wanatoka na hasira zao.

Msimu wa kwanza ndovu walipita kama wanaenda sokoni. Asubuhi nikafungua mzinga: siafu tele, nyuki hakuna. Jua nalo lilikuwa linaupiga tangu saa tatu.

Nikaanza upya. Nikapaka grisi nzito kwenye waya za kuning'inizia, siafu wakose njia. Ndani nikasugua nta, nyuki hupenda harufu hiyo. Nikaezeka kila mzinga kipaa cha nyasi na kuweka beseni la maji lenye vijiti, wasizame. Mvua za Novemba zilipoleta maua, makundi yakaingia yenyewe.

Juzi usiku nikasikia waya ikilia, kisha mngurumo, kisha matawi yakivunjika kuelekea walikotoka. Mahindi yamesimama. Mzinga mmoja tu ungali mtupu, ule wa karibu na choo, na mke wangu hashangai.