Attendance Allowance: andika msaada anaohitaji mzazi, si majina ya maradhi

Mzee wa kwetu ukimjulia hali atakujibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Vifungo vya shati amefungiwa na bintiye, bafuni ameingia kwa kushikwa mkono, lakini hajambo. Barazani hiyo ni adabu njema. Kwenye fomu ya Attendance Allowance, jibu hilohilo linamkosesha haki yake.

Posho hii hutolewa na serikali ya Uingereza kwa aliyefikia umri wa pensheni na ambaye ugonjwa au ulemavu umemfanya ahitaji kusaidiwa au kuangaliwa kwa miezi 6 au zaidi. Haiangalii akiba wala kipato, na haikatwi kodi. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 kiwango cha chini kilikuwa paundi 73.90 kwa wiki, kwa anayehitaji msaada ama mchana ama usiku. Cha juu kilikuwa paundi 110.40, kwa anayeuhitaji mchana na usiku. Anayeishi Scotland huomba posho nyingine inayofanana nayo, Pension Age Disability Payment.

Fomu iombe kwa simu. Ukiirudisha ndani ya wiki 6, malipo yatahesabiwa tangu siku uliyopiga. Ukiichapisha mwenyewe kutoka kwenye tovuti ya serikali, yatahesabiwa tangu siku itakapoifikia ofisi ya serikali. Kwa kiwango cha juu, wiki 6 ni zaidi ya paundi 660, kwa hiyo piga simu leo, maelezo utayaandika kwa utulivu.

Sasa kazi yenyewe. Kuandika "kisukari, presha, baridi yabisi" hakutoshi, maana watu wawili wenye kisukari wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa. Anayeamua anataka kujua mwili wa mzee unashindwa nini: kuinuka kitandani, kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kumeza dawa kwa wakati, kuona, kusikia. Kupika, kufagia na kwenda sokoni havina uzito hapa, ingawa hivyo ndivyo vitu ambavyo watu hujazia kurasa. Kila jambo lipe idadi na dakika. Badala ya "anasaidiwa kuvaa", andika: "Hawezi kuinua mkono wa kulia kupita bega. Kuvaa kunamchukua dakika 25, na bila mtu hafungi vifungo wala havai soksi." Msaada wa kutawadha ni msaada wa kuosha mwili. Kama mama anashikwa asiteleze kila anapotia udhu, hiyo ni mara kadhaa kwa siku, na mchana kinachotafutwa ni msaada wa mara kwa mara, si wa mara moja tu.

Usiku una kipimo chake. Kwa kawaida huangaliwa kama mzee anahitaji kusaidiwa mara 2 au zaidi, au mara 1 kwa takriban dakika 20. Weka daftari kando ya kitanda kwa wiki moja, uandike saa aliyoamka, alichohitaji na muda uliotumika. Nakala yake iambatanishe na fomu pamoja na orodha ya dawa na barua za hospitali.

Kinachopimwa ni haja, hata kama hakuna anayemsaidia. Baba anayeishi peke yake na anayelala na nguo za mchana kwa sababu hawezi kuzivua anahitaji msaada, na hilo liandikwe hivyohivyo. Eleza pia siku mbaya zinakuja mara ngapi kwa wiki. Habari za choo zina haya, hasa baba mbele ya bintiye. Mtafutie mtu wa jinsia yake akae naye, au mshauri wa mashirika ya hisani ya Age UK au Citizens Advice, ambao husaidia kujaza bure. Haya hiyo iheshimiwe, lakini ukurasa usiachwe mtupu.

Posho ikikubaliwa, usikimbilie kuomba Carer's Allowance, yaani posho ya anayemhudumia mgonjwa. Mzee anayeishi peke yake na anayepata Pension Credit, yaani nyongeza kwa wazee wenye kipato kidogo, anaweza kuongezewa fedha kwa ajili ya ulemavu (paundi 82.90 kwa wiki mwaka 2025/26). Nyongeza hiyo huondoka mtoto akianza kulipwa Carer's Allowance (paundi 83.30 kwa wiki mwaka huohuo) kwa kumhudumia. Nyumba inapata kwa mtoto na kupoteza kwa mzazi, basi pigeni hesabu kwanza na mshauri.

Mzazi aliyekuja karibuni kwa kawaida awe ameishi nchini miaka 2 kati ya 3 iliyopita, ingawa mkimbizi aliyetambuliwa hadaiwi sharti hilo. Kama viza yake inakataza fedha za umma, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa fomu.

Safari ya muda ya kwenda Mombasa au Unguja haikatizi malipo hadi wiki 13, au 26 ikiwa ni ya matibabu, lakini toeni taarifa kabla ya kuondoka. Akilazwa hospitali ya serikali, malipo husimama baada ya siku 28.

Wakikataa, mna mwezi 1 tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya. Wakikataa tena, mna mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza huru. Katika hatua zote mbili, jibuni hoja za barua yao moja baada ya nyingine, na daftari la usiku litangulie.